Betri za Kupima kwa Kiganja

Mtu akiniuliza kwa nini niliikataa ile betri, najibu kwamba ilikuwa nyepesi. Mama yangu, ambaye hana tabia ya kunionea huruma, hudakia kwamba niliikataa kwa sababu ya begi ilimotoka. Tumebishana juu ya jambo hilo jikoni, njiani, hata kwenye ngazi za kanisa, na bado sijakubali. Ilikuwa nyepesi. Mtu yeyote wa Arua angesema hivyo.

Mimi ni fundi wa simu na taa za sola. Meza yangu iko karibu na soko kuu, nimebanwa kati ya muuza mikoba na mama wa maharage. Hapa kwetu hakuna anayenunua betri kwa kusoma maandishi yake, maana maandishi yanaweza kuchapwa na yeyote. Betri inashikwa. Unaweka moja kwenye kiganja hiki, nyingine kwenye kile, unafumba macho kama mtu anayesali, na ile nzito ndiyo yako. Si ushamba. Nimepasua betri nyingi za bandia nikakuta ndani kijibetri kidogo kama kidole cha mtoto, na nafasi yote iliyobaki imejazwa unga mweupe. Betri ya kweli ina nyama. Baada ya miaka kadhaa ya kazi hiyo kiganja changu kilipata jina pale sokoni, na wauzaji wakiniona nakuja nyuma ya mteja huanza kuguna kabla sijafika.

Aliyekiamini kiganja hicho kuliko wote ni rafiki yangu wa Koboko. Tulikaa benchi moja tulipokuwa tunasoma ufundi wa umeme hapa Arua, tukala sahani moja, tukapewa adhabu moja. Babu yake alikuwa mwanajeshi, baba yake pia, na lugha ya jeshi letu ni Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili alikikuta nyumbani, wakati mimi nilikiokota sokoni. Sasa anafunga sola kwenye maduka kuanzia Koboko mpaka Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini. Kila alipotaka kununua betri alizileta kwanza kwangu, zimefungwa kwenye leso, akazimwaga mezani na kusema maneno mawili tu:

“Dada, shika.”

Nashika. Nasema hii, hii, hii hapana. Anakusanya, anakunywa chai, anarudi Koboko. Hakuwahi kuniuliza sababu. Watu wengine wana marafiki wa kuwaambia siri. Mimi nilikuwa na rafiki wa kumshikia betri, na nilijiona tajiri.

Ni kwenye meza hiyo hiyo tulipoanza kuangalia video za roboti zinazopigana. Si zile kubwa za kutisha. Ni vigari vidogo vya kuendeshwa kwa rimoti, kimoja kina kisu kinachozunguka, kingine kina mdomo wa kupindulia mwenzake, vinawekwa ndani ya kizimba na kugongana mpaka kimoja kinyamaze. Tuliangalia kwenye simu yangu, vichwa vimegusana, mteja akija tunamwambia asubiri. Tulikubaliana kwamba siku moja tutatengeneza yetu. Yeye atatafuta chuma kule Oraba, ambako malori yanaacha vipande vya springi kila mahali, na mimi nitachagua mota na betri. Tuliipanga roboti ile kwa maneno mpaka nikawa naijua kama mtu wa ukoo.

Kisha chuo kimoja cha ufundi mjini kikatangaza mashindano. Roboti isizidi kilo moja na nusu, na kila kundi liwe na watu wawili. Siku niliyosikia nilinunua kipande cha pipa la plastiki la buluu, nikaanza kukata bodi ya roboti bila hata kumpigia simu. Kwani kulikuwa na haja? Watu wawili, si ndio sisi?

Yeye ndiye aliyepiga.

“Dada, usikasirike,” alisema. Mtu akianza hivyo, tayari umekasirika. “Iko dada moja ametoka Kampala. Iko na rimoti yake, iko na mashine ya kuchaji betri. Amesema tufanye na yeye. Na kundi iko ya watu wawili tu.”

“Na mimi?”

“Wewe? Wewe unajua kila kitu. Unaweza tengeneza yako peke yako.”

Alisema kwa furaha, kama anayenipa zawadi. Nilimwambia hakuna shida, nikakata simu, nikaendelea kukata pipa mpaka msumeno ukanichuna kidole.

Niliona wivu. Sina haja ya kulizungusha neno hilo. Jioni nikaisukuma sahani ya enyasa, ugali wetu wa muhogo na mtama ambao hata homa haijawahi kuninyima. Mama aliniangalia, akavuta sahani upande wake, akala zote mbili.

Huyo wa Kampala nilikwenda kumwona kwa macho yangu. Wazazi wake walikuwa wafanyakazi wa serikali, wanakaa kwenye moja ya zile nyumba za zamani juu ya Arua Hill, zenye baraza pana na maua yaliyopandwa na watu waliokwisha kufa. Amesomea mambo ya umeme huko Kampala. Kucha zake amezipaka rangi, nikafurahi, nikasema moyoni huyu hawezi kushika pasi ya kulehemu. Kisha nikaziona waya alizolehemu. Kila kiungo kiling'aa na kukaa sawa. Nilitafuta kasoro nikaikosa, na hapo chuki yangu ikapata miguu. Hata sanduku lake la vifaa lilinikera: kila bisibisi imelala kwenye tundu lake, kuanzia kubwa hadi ndogo, wakati za kwangu zinasimama kwenye kopo la maziwa ya unga. Na rafiki yangu, ambaye kwangu alikuwa akikaa juu ya kreti ya soda, pale alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mto.

Basi nikatengeneza ya kwangu. Lengo langu lilikuwa moja, na nilimwambia mama waziwazi: nataka kuivunja yao mbele ya watu, ili rafiki yangu aone amemwacha nani.

“Mutu anaoana na hasira, atazaa nini?” aliuliza mama. Zamani alikuwa akifanya biashara ya samaki wakavu kule Ariwara, upande wa Kongo, na mpaka leo akitaka kunisema vizuri anaacha Kilugbara na kutumia Kiswahili cha kule. Lakini kundi lilihitaji watu wawili, na mimi sikutaka mwingine yeyote. Nikamwandikisha yeye. Chuo kilipouliza ujuzi wake, nikasema anajua kufunga mizigo.

Mota nilizitoa kwenye drili mbovu za betri ambazo hufika sokoni kwa mafungu, mabaki ya miradi iliyofungwa. Ukipata nne mbovu, ndani yake unatoa mbili nzima. Nilizijaribu kwa kuziziba kwa vidole: mota nzuri inapigana na kidole chako, mota mbaya inaomba msamaha. Magurudumu nilikata kutoka kwenye soli za ndara. Silaha ilikuwa sproketi ndogo ya pikipiki, lile gurudumu la kuvuta mnyororo, meno nimeyanoa kwa tupa, imefungwa mbele ili izunguke kama msumeno. Rimoti nilipata kwenye gari la kuchezea la watoto, nikaifungua na kuitia akili.

Kisha betri. Hapo sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikwenda kwa wauza kompyuta za mtumba, nikafungua betri za laptop zilizokufa, nikatoa zile selo, vijibetri vya duara vya ndani, na kuzishika moja baada ya nyingine nimefumba macho. Nyepesi nikaweka pembeni, nzito nikazifunga pamoja kwa safu mbili. Nilipozibeba zote nilihisi nimebeba kitu cha maana. Moyo wa roboti ndio ule.

Tatizo ni kwamba moyo ule ulikula uzito wote. Nilipoipandisha roboti kwenye mizani ya mama wa maharage ilizidi kilo moja na nusu, na mwenye mizani akasema kwa bei ya maharage nimefaidi. Sasa nikate nini? Betri, hapana. Nikatoboa matundu kwenye bodi, nikapunguza ukuta wa pembeni, nikaondoa bati la juu. Kila nilipopunguza ngozi nilijiambia kwamba mwenye damu nyingi hahitaji ngozi nene. Mwisho ikapita, imejaa matundu kama chujio la chai.

Wiki hiyo hiyo walinijia mezani, wawili. Rafiki yangu alikuwa na leso mkononi, na niliiona kabla sijamwona yeye. Aliifungua. Ndani hamkuwa na selo za duara bali kijifuko kimoja laini, bapa, kimevikwa plastiki ya rangi, kina waya mbili nene kuliko zilivyostahili mwili wake.

“Dada, shika.”

Niliishika. Nakuapia, sikusikia kitu. Nilihisi nimeshika pakiti ya biskuti iliyoliwa nusu. Nikaweka selo moja ya laptop kwenye kiganja cha pili, nikafumba macho, nikasikiliza. Hazikuwa za kushindanishwa.

“Hii iko hewa,” nilisema. “Wamekuuzia hewa.”

“Hakuna mutu ameuza,” rafiki yangu alisema. “Imetoka kwa begi yake.”

Yule wa Kampala hakukasirika, na hilo nalo lilinikera. “Hii aina iko hivyo,” alisema taratibu, Kiswahili chake kinachechemea. “Inakuwa nyepesi, lakini inatoa nguvu yote mara moja. Hizi za laptop zinatoa pole pole. Mota ikitaka nyingi, zinakataa.”

“Kitu nyepesi itatoa nguvu wapi?”

“Iko kwa ndani.”

“Ndani iko unga,” nilisema, na mama wa maharage akacheka, na mimi nikamshukuru kwa macho.

Rafiki yangu alituangalia, mimi, kisha yule, kisha mimi. Akaikunja leso juu ya betri ile. Chai hakunywa. Walipanda boda moja, yule wa Kampala amekaa katikati na rafiki yangu nyuma, mkono wake umemshika mwenzake bega. Zamani bega lile lilikuwa langu. Nilisema moyoni kwamba hata kiganja changu amekwisha kukiacha, na nikampandishia mteja aliyefuata bei bila kosa lolote.

Mashindano yalifanyika kwenye bwalo la chakula la chuo. Kizimba kilikuwa cha mbao, kimezungushiwa plastiki nene ya kuonea, na watu walikuwa wengi kuliko viti. Mama alikaa mstari wa mbele, mkoba juu ya magoti, kama amekuja kuoza binti. Roboti zilipimwa moja moja. Yangu ikapita kwa kubahatisha. Ya wale wawili ikapita pia, na niliona kwamba bodi yao nayo ilikuwa imetobolewa matundu kila upande. Nikakereka. Nilidhani wameniiga urembo.

Kura ikapigwa, na mpinzani wangu wa kwanza akawa rafiki yangu. Niliomba hivyo tangu mwanzo, lakini aliponitazama kutoka upande wa pili wa kizimba na kutabasamu, sikujua niweke wapi uso.

Tukaanza. Sproketi yangu ilizunguka, ikapiga kelele, watu wakarudi nyuma. Yao ilikuwa na kipande cha springi ya lori kinachozunguka mbele, chuma cha Oraba, kile kile tulichokipanga pamoja kwa maneno. Nilikitambua mara moja, na wivu ukanipanda upya, maana kilikuwa kizuri kama nilivyokiwaza. Nikabonyeza mbele kwa nguvu zangu zote. Zikagongana, cheche zikaruka, nikapiga kelele ya ushindi.

Kisha sproketi yangu ikaanza kuchoka. Sauti ikashuka, ikashuka, magurudumu yakaburuta, ikasimama. Kufa kwake hakukunishangaza kama kilichofuata: ile springi ya lori nayo ikapunguza mwendo, ikashuka kwa sauti ile ile, magurudumu yakaburuta vile vile, ikasimama. Roboti mbili zikabaki zinatazamana katikati ya kizimba kama wake wenza waliokutana kwenye bomba la maji. Watu walicheka mpaka mwamuzi akacheka.

Mimi sikucheka. Nilikijua kifo kile. Hakukuwa na sababu ya roboti mbili zilizotengenezwa nyumba mbali mbali kufa kwa namna moja.

Mwamuzi alisema kila kundi lifungue roboti yake, na itakayowahi kuamka ndiyo itaendelea. Rafiki yangu akafungua bodi. Nikanyoosha shingo. Ndani zilikuwa selo za laptop, safu mbili, nene na nzito, na kati yake vipande vya karatasi ngumu ya boksi la biskuti, vimekatwa duara ili zisigusane. Namna hiyo ya kukata karatasi nilimfundisha mimi, kwenye benchi letu moja.

Yule wa Kampala alikuwa amekunja mikono. Aliniambia mimi, si rafiki yangu: “Nilimuambia. Siku tatu tunagombana. Yeye anasema tu, dada amekataa.”

Furaha ndiyo iliyotangulia, siwezi kuificha. Ilikuwa furaha nono, ya kutaka kurukaruka. Alinichagua mimi! Alikaa kwenye kiti chenye mto, akanywa chai ya Arua Hill, akapanda boda na mwingine, na bado alikataa betri ya yule kwa sababu kiganja changu kilisema hapana. Kisha nikaitazama roboti yake imelala pale na matundu yake. Yale hayakuwa urembo. Alitoboa bodi kama mimi, akaipunguza ngozi kama mimi, ili abebe uzito niliomwambia abebe.

Mimi nilizitoa selo zangu, lakini sikuwa na betri nyingine, kwa hiyo yangu ilikuwa imekwisha. Yule wa Kampala akafungua begi, akatoa kile kijifuko laini, akamwekea rafiki yangu mkononi. Rafiki yangu hakukifunga kwenye roboti. Alizunguka kizimba chote, watu wanamtazama, mwamuzi anaangalia saa, akaja kusimama mbele yangu.

“Dada, shika.”

Nikashika. Ilikuwa nyepesi vile vile. Kiganja changu kilisema hapana, wazi kabisa, kama siku ya kwanza. Nilijua kwamba nikilisema neno hilo kwa sauti, ataiweka chini, ataiacha roboti yake ilivyolala, na tutakwenda nyumbani wote wawili tumeshindwa pamoja. Nakwambia nililitamani. Kushindwa naye kulinivutia kuliko yeye kushinda na yule.

“Mkono yangu inasema hapana,” nilimwambia.

“Basi?”

“Basi weka.”

“Wewe unasema niweke?”

“Weka! Saa inaenda.”

Akarudi mbio upande wao, akaweka. Yule wa Kampala alilehemu waya kwa pumzi moja, na roboti ile ikaamka kama imetukanwa. Haikwenda, iliruka. Springi ya lori ililia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye kitu chochote cha betri, ikaifuata ya kwangu pale ilipolala maiti, ikaichana bodi ya pipa la buluu vipande viwili. Sproketi yangu ilibingirika mpaka ukutani.

“Huyo mutu anaua maiti!” mama alipiga kelele, amesimama, mkoba umeanguka. “Mwamuzi! Hiyo mwepesi iko na shetani!”

Watu wote walisimama. Na rafiki yangu, kwa furaha, alimkumbatia aliyekuwa karibu naye, na aliyekuwa karibu naye hakuwa mimi. Walirukaruka wameshikana. Mimi nilikuwa upande wa pili na selo zangu za laptop mikononi, bado za moto, nzito kweli kweli. Nilimwangalia yule wa Kampala akiruka na kucha zake za rangi, na wivu ukarudi mahali pake kana kwamba haukuwa umetoka.

Kisha nikasikia sauti ya rafiki yangu, ameinama mezani juu ya roboti yake, anajiandaa kwa pambano la pili, hata kichwa hajainua:

“Dada! Uko wapi? Kuja, hii nati imelegea. Leta mkono yako!”

Nilimpa mama zile selo azishike. Kulikuwa na nafasi ya kutosha upande wa kulia wa meza. Nilipita kushoto, mahali ambapo yule wa Kampala alilazimika kusogea.